Kingasumu ya Nyoka na Mgonjwa wa Berega (Sehemu ya Pili)

Katika vijiji vinavyoizunguka Hospitali ya Berega ya Kanisa Anglikana, wilayani Kilosa, ambako watu hulima kwa jembe la mkono na wengine huchunga mifugo, anayegongwa na nyoka hana dawa nyingine ya kuivunja nguvu sumu iliyomwingia isipokuwa kingasumu. Dawa hiyo hutengenezwa kwa kumchoma farasi sumu kidogo kidogo, kiasi kikiongezwa taratibu, hadi mwili wake uunde kingamwili, yaani protini zinazoinasa sumu, ambazo baadaye hutolewa katika damu yake na kusafishwa. Mfaransa Albert Calmette, aliyeitengeneza miaka ya 1890, alidhani kwamba kingasumu ya swila ingefaa kwa nyoka wote, lakini Vital Brazil wa São Paulo alithibitisha kwamba kila kingasumu huitambua sumu iliyofunzwa kuitambua, pamoja na zile za jamii yake ya karibu.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Kifutu, ambaye hulala njiani bila kukimbia, huvimbisha mguu, huozesha nyama na huweza kuizuia damu isigande. Koboko hulegeza misuli mpaka pumzi ikatike. Na swila atemaye mate huua nyama palipoumwa. Kingasumu mchanganyiko ya Afrika Kusini, inayotokana na sumu za nyoka wa aina 10, huwakabili kifutu na koboko kwa pamoja, ilhali nyingine iliyotengenezwa kwa nyoka wa bara jingine haimsaidii mgonjwa hata ikimiminwa chupa kwa chupa.

Si lazima nyoka auawe na kuletwa hospitalini, na muda unaopotea katika kumsaka, kuchanja chale, kufunga kamba au kubandika jiwe jeusi ni muda ambao sumu inafanya kazi. Mganga wa hospitali huusoma mwili wa mgonjwa: kope zinazolegea, uvimbe unaopanda, fizi zinazovuja damu. Pia huweka mililita 2 za damu katika chupa safi na kavu ya kioo, akaiacha kwa dakika 20 bila kuitikisa, kisha akaiinamisha. Damu ikimiminika kama maji, sumu imeharibu uwezo wake wa kuganda. Asiye na dalili yoyote huangaliwa tu, kwa kuwa nyoka huweza kuuma bila kutoa sumu, na protini za farasi zenyewe huweza kuleta mzio mkali, ndiyo sababu adrenalini huwekwa tayari kando ya kitanda.

Kingasumu hutolewa kwa dripu, na mtoto hupewa kiasi kilekile cha mtu mzima, kwa maana nyoka hakumpunguzia sumu kwa udogo wake. Haifufui nyama iliyokwisha kufa, na aliyegongwa na koboko huenda akahitaji kupumulishwa wakati dawa inaingia.

Mwaka 2014 utengenezaji wa Fav-Afrique, mojawapo ya kingasumu zilizotegemewa barani, ulikoma. Shirika la Afya Duniani limekusudia kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Hata hivyo, mgonjwa wa kifutu ambaye damu yake bado haigandi muda wa saa 6 baada ya dozi ya kwanza hustahili dozi nyingine, na dozi moja huweza kuwa chupa kadhaa, hivyo chupa moja iliyobaki jokofuni haiwezi kuitwa akiba.

(Itaendelea)