Fahamu: Barua za Vita vya Kagera na namna ya kuziokoa

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, Vita vya Kagera hukumbukwa kwa bunduki na gwaride. Barua za askari hutajwa mara chache, nazo ndizo zilizobeba vita hadi majumbani.

Idi Amin wa Uganda alivamia Kagera, Tanzania, mwishoni mwa Oktoba 1978. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akatangaza vita, na Aprili 11, 1979 Kampala ikatekwa. Miezi hiyo yote familia nyingi hazikuwa na simu. Barua ilipitia sanduku la posta, mara nyingi la shule, kanisa au mahali pa kazi, kisha mtu akatumwa kuipeleka kijijini. Kwa kawaida jeshi halimruhusu askari kutaja alipo, hivyo usishangae barua ikijaa salamu na kuulizia mavuno. Mimi naona thamani yake iko hapo hapo: inaonyesha mtu aliyewaza nyumbani.

Tena Mwanza nayo haikuwa salama. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyomsaidia Amin, ililenga mji huu. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Aliyekuwa mstari wa mbele naye alikuwa na sababu ya kusubiri majibu kwa hofu.

Unazo barua kama hizo nyumbani? Zipige picha, usizibandike kwa gundi, ziweke mbali na unyevu. Muulize bibi majina yaliyotajwa humo, uyaandike leo.