Zebaki ya dhahabu: kweli au uongo?

Kemikali ya kazini inayotishia watu wa Fizi, mashariki mwa Kongo, haitoki kiwandani. Hutembea kwenye chupa ndogo mpaka machimboni, ikanase dhahabu iliyotawanyika mchangani. Ni zebaki, na maneno juu yake ni mengi.

Ukiigusa tu, umekwisha. Uongo. Ngozi hupitisha kidogo, na hata tone likimezwa, karibu lote hutoka chooni. Balaa huanza motoni. Bonge la dhahabu na zebaki likichomwa, zebaki huwa mvuke, na karibu asilimia 80 ya mvuke unaovutwa huingia mwilini, ukaelekea kwenye ubongo na figo. Mjamzito akiuvuta, humfikia mtoto tumboni.

Kisichonuka hakina sumu. Uongo, na huu ndio unaonitia hofu zaidi. Mvuke huo hauna harufu wala hauonekani. Mchimbaji anayechomea uani humvutisha mkewe na watoto. Negosia, yaani mnunuzi wa dhahabu, anayechoma tena dukani ili apate uzito halisi huwavutisha wateja, naye mwenyewe kila siku.

Maziwa huosha sumu. Uongo. Maziwa ni chakula kizuri, yanywe kwa sababu hiyo. Kitambaa puani nacho hukinga vumbi, si mvuke.

Mikono ikitetemeka, ni pombe au umerogwa. Si lazima. Kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za ghafla na kusahausahau ni dalili za zebaki pia. Ukifika kituo cha afya, mwambie muuguzi kazi unayofanya, hata asipouliza.

Zebaki ikimwagwa mtoni huishia kwa samaki. Kweli. Vijidudu vya kwenye tope huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilichotengeneza malighafi za kulainishia plastiki kilimwaga sumu hiyo baharini. Ugonjwa wa waliokula samaki wa huko ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini zebaki iliendelea kutumika kiwandani humo hadi 1968. Watu wa mji wetu wa Baraka wasiache ndagaa kwa hilo: sumu hii hujilimbikiza zaidi kwa samaki wakubwa walao wenzao.

Chombo cha kuchomea kilichofungwa husaidia. Kweli, kisipovuja. Mvuke hupita kwenye bomba, hupoa, na zebaki hurudi itumike tena, kwa hiyo hata mfuko hunufaika. Kitumiwe nje, mbali na nyumba. Na sufuria iliyochomewa zebaki isirudi kupikia bugali.