Nani Atafyeka Nyasi Chini ya Waya?

Mlinzi wa ua wa umeme alisimama ghafla, akaniashiria ninyamaze. Tulikuwa tumetembea tangu alfajiri kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, huku makonde ya mahindi na muhogo, huku miti, na mimi nilikuwa nasikia ndege tu. Ndipo nikaisikia: tik, tik, tik. Nyasi ndefu iliyolowa umande ilikuwa imeegemea waya wa chini, na umeme ukawa unavujia ardhini. Akaifyeka kwa panga, sauti ikakoma. "Mwanangu," akaniambia, "nikilala siku tatu bila kupita hapa, huu si ua tena, ni kamba ya kuanikia nguo."

Maneno hayo sijayasahau, kwa sababu nimesoma mipango mingi ya kuwatenganisha watu na ndovu, na panga la mzee huyu huwa halimo.

Arabuko-Sokoke una zaidi ya kilomita za mraba 400. Hakuna msitu mkavu wa pwani uliobaki Afrika Mashariki wenye ukubwa huo. Ndani mna ndovu. Nje, kuanzia Jilore na Kakuyuni hadi Dida, kuna wakulima. Kabla ya ua, mahindi yakianza kubeba, baba alihamia kwenye dungu na watoto wakakesha wakipiga madebe, kisha asubuhi wakaenda shule na usingizi machoni. Kundi likiingia, kazi ya msimu mzima huisha usiku mmoja. Kwa hiyo ua wa umeme ulikuwa jambo la haki kabisa, na waliouomba hawakukosea.

Lakini ua hauishi siku ya kukabidhiwa. Ndovu hujifunza kwamba pembe zake hazipitishi umeme, akazitumia kukatia waya, au akauangushia mti. Mchwa hula nguzo. Betri huchoka. Na lililoniuma zaidi: waya ukikatika na kuachwa, kuna wanaouchukua wakatege paa na funo msituni. Kilichonunuliwa kumlinda mnyama na mtu kinageuka kitanzi. Pesa za kujenga huja kwa mkupuo, zikiwa na tarehe na kibao. Mshahara wa anayefyeka huja kidogokidogo, na mradi ukifungwa, husimama.

Njia ya kuwahamisha wanyama nayo imejaribiwa. Mwaka 2005 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, liliwatoa ndovu wapatao 150 Shimba Hills na Mwaluganje, kule Kwale, likawapeleka Tsavo Mashariki. Ilikuwa kazi ngumu na ya ujasiri. Hata hivyo, wapo waliofunga safari wakarudi kwao. Huko Marekani dubu weusi hufanya vivyo hivyo: mzoevu wa mapipa ya taka hupelekwa mbali, naye hurejea. Wenyeji wa huko wakaona kwamba dawa inayodumu ni mapipa ambayo dubu hawezi kuyafungua, na majirani wanaokumbuka kuyafunga kila jioni. Tunarudi palepale, kwenye kazi ya kila siku.

Sagalla, karibu na Voi, mizinga ya nyuki imetundikwa kwenye waya kuzunguka mashamba. Ndovu akiutikisa waya, nyuki hutoka, naye huwaogopa kweli. Watafiti wameufuata mpango huo kwa miaka, na umezuia ndovu wengi, tena mkulima anapata asali. Ila ukame wa 2017 ulipopiga, nyuki waliihama mizinga, ikakaa mitupu muda mrefu. Mpango unaotegemea maua lazima uwe na neno la kusema mvua isiponyesha.

Kuhusu fidia, sheria ya wanyamapori ya 2013 iliandika shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama. Ni heshima kwa wafiwa, lakini malalamiko ya kucheleweshwa hayajaisha. Na orodha ya wanyama ambao uharibifu wao wa mazao hulipwa haikumtaja nyani. Muulize mama yeyote anayelima kando ya msitu ni nani anayemfukarisha mwaka mzima. Atakutajia nyani kabla ya ndovu. Nyani hajui ua wala hasubiri msimu. Naona hilo ni pengo kubwa, na lingezibwa kama waliotunga sheria wangekaa kwenye dungu hata usiku mmoja na mchana wake.

Mradi ninaousifu bila kusita ni Kipepeo, ulioanza Gede mwaka 1993. Wakulima hufuga viwavi, pupa wakasafirishwa kwa ndege hadi kwenye maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Majani ya kuwalisha hutokana na miti ya msitu, kwa hiyo mtu aliyekuwa akitamani msitu ugawanywe mashamba akapata sababu ya kutaka usimame. Mwaka 2020 maonyesho yalipofungwa duniani, kipato nacho kilikauka. Lakini anayefuga hahitaji kusukumwa aamke: ni mali yake.

Mlinzi wa ua hana mali kwenye waya ule. Ana panga, viatu vilivyotoboka na ahadi. Naiomba serikali ya kaunti, KWS na wafadhili, kabla ya kutangaza kilomita nyingine za ua, waandike kwanza mshahara wake wa miaka kumi. Masika yakinyesha vizuri, nyasi za Jilore hufika waya wa chini katika wiki chache tu.