Digrii Iliyo Chini ya Godoro: Njia ya Miaka Miwili ya Kuwa Muuguzi Uingereza



Wengi wa wenzetu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda wanaofanya kazi katika nyumba za wazee huko Uingereza hawakuanza maisha na kazi hiyo. Nyumbani walikuwa walimu, wahasibu, makarani wa benki, mabwana shamba. Vyeti vyao vya chuo kikuu vimo ndani ya bahasha chini ya godoro, nao usiku kucha wanawageuza wagonjwa vitandani, wanawaogesha na kuwalisha, kwa mshahara ulio karibu sana na kima cha chini cha sheria. Wanatuuliza: je, mtu mwenye digrii ya kazi nyingine aweza kuwa muuguzi kamili bila kuanza masomo upya kama kijana aliyetoka sekondari?

Aweza. Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili, kwa sababu habari za namna hii huwafikia mawakala mapema kuliko zinavyomfikia mfanyakazi.

Nchini Uingereza muuguzi ni lazima aandikishwe na NMC, yaani Baraza la Wauguzi na Wakunga. Mafunzo ya kawaida huchukua miaka 3 na saa 4,600, nusu yake masomo na nusu mazoezi ya kazi. Lakini kwa mtu ambaye tayari ana digrii, vyuo vikuu kadhaa vina mafunzo ya miaka 2, ambayo mara nyingi humpatia shahada ya uzamili pamoja na haki ya kuomba kuandikishwa. Mwaka ule unaopungua hautolewi kwa huruma. Chuo hukubali kwamba elimu na kazi ya mtu ya hapo awali ni sehemu ya zile saa, na kanuni za NMC zinaruhusu hadi nusu ya mafunzo kuhesabiwa hivyo.

Kwa hiyo zamu ulizokesha katika nyumba ya wazee ni mali yako. Shida ni kwamba chuo hakipokei masimulizi, kinataka karatasi. Vyuo vingi huomba ushahidi wa saa mia kadhaa za kuhudumia wagonjwa, uliotiwa sahihi na muuguzi au msimamizi wa kazi. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa mwalimu wa hesabu Kivu Kusini, alifanya kazi miaka 3 katika nyumba moja, na kila alipoomba sahihi aliambiwa "wiki ijayo." Msimamizi akahama, na yule mpya akasema hamjui. Nafasi ya mwaka ule ikampita. Katibu wa tawi alipoingilia, waliomba orodha za zamu na hati za mishahara, saa zikajumlishwa moja moja, na mwaka uliofuata barua yake ya maombi ikapokelewa.

Mambo kama haya hayafai kumngoja katibu. Sheria ya Uingereza ya kulinda habari za watu inampa mfanyakazi haki ya kudai nakala ya habari zake zilizo kwa mwajiri, na kwa kawaida mwajiri hutakiwa kujibu katika muda wa mwezi mmoja. Dai kwa maandishi, na uweke nakala. Ni vyema zaidi kupata sahihi kila mwezi, ungali kazini.

Kuhusu vyeti, digrii ya ng'ambo hupimwa na ofisi iitwayo UK ENIC, na iliyoandikwa kwa Kifaransa itahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Vyuo vingine hupokea digrii ya somo lolote. Vingine hutaka sayansi ya viumbe, saikolojia au somo la jamaa na hayo. Hutakiwa pia ushahidi wa Kiingereza na hesabu za kiwango cha sekondari. Mwenzetu ambaye cheti chake cha sekondari kiliteketea vitani asikate tamaa: iko mitihani ya watu wazima ambayo vyuo vingi huikubali badala yake. Tena mwombaji huchagua tawi tangu mwanzo: watu wazima, watoto, afya ya akili, au watu wenye ulemavu wa kujifunza.

Vyuo vingine hupokea maombi moja kwa moja, vingine kupitia UCAS, ambako tangu maombi ya kuingia chuoni mwaka 2026 maelezo ya mwombaji yamegawanywa katika maswali matatu, yote pamoja yasizidi herufi 4,000. Usiandike kwamba tangu utotoni ulipenda kusaidia watu. Wameandika hivyo maelfu. Andika ulichofanya. Wala usiifiche kazi yako ya kwanza. Mwalimu amezoea kumweleza mtu jambo gumu mpaka alielewe, na hiyo ni nusu ya kazi ya wodini. Mhasibu haogopi tarakimu, naye ataufurahia mtihani wa kukokotoa dawa, ambao NMC hutaka mwanafunzi aupate kwa asilimia 100 kabla ya kuhitimu. Ukiulizwa kwa nini unaacha kazi uliyosomea, sema kweli. Hatuoni aibu katika neno mshahara, ila likiwa peke yake halitampendeza anayekuhoji.

Sasa fedha, ambako wengi hukwama. Kwa kawaida serikali haimkopeshi tena mtu mwenye digrii, lakini katika England uuguzi umeachwa nje ya katazo hilo. Tena mwanafunzi wa huko anayestahili hupata ruzuku isiyorudishwa ya pauni 5,000 kwa mwaka, na mwenye watoto anaowalea huweza kuongezewa 2,000. Skotlandi, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Anayestahili ni nani? Mkimbizi aliyekwisha kukubaliwa rasmi huweza kuomba. Lakini aliye na viza ya kazi tu kwa kawaida huhesabiwa mgeni: hulipa ada kubwa na hapati mkopo wala ruzuku. Wakala atakayekuambia kinyume, mwombe aandike na kutia sahihi.

Jueni pia kwamba mazoezi ya wodini hayana mshahara, nayo huwa ni zamu kamili, za usiku na za mwisho wa juma zikiwamo. Chama chetu kinashikilia kwamba anayemgeuza mgonjwa saa tisa za usiku anafanya kazi, awe mwanafunzi au asiwe, na tutaendelea kulidai hilo. Kwa mwenye familia asiyeweza kukaa miaka 2 bila mshahara, upo uanagenzi wa uuguzi, ambapo mwajiri humlipa mtu huku akisoma. Huo huchukua muda mrefu zaidi, na nafasi zake ni chache.

Kwa vyovyote vile, ndugu, usimpe mwajiri barua ya kuacha kazi mpaka uwe na barua ya chuo isiyo na masharti yaliyobaki, na jibu la mkopo kwa maandishi. Wanaokusudia kuomba kwa mwaka ujao wapeleke orodha zao za zamu kwa katibu wa tawi mwezi huu, ili saa zihesabiwe mapema.