Deni la zamani linapokunyima mkopo wa msimu

Msimu wa kupanda unapokaribia, foleni katika ofisi za mikopo hurefuka. Mkulima anataka pesa za mbegu, mbolea na kukodi trekta, naye mwenye duka anataka kujaza rafu kabla ya shule kufunguliwa. Baadhi yao huambiwa warudi baada ya siku mbili, na wanaporudi huelezwa kwa sauti ya chini kwamba jina lao “liko CRB”. Aghalabu deni lenyewe ni la kitambo: mkopo wa simu ambao laini yake ilipotea, au salio la akaunti ambayo mwenyewe alidhani ilifungwa. Mvua haingoji mtu amalize kuulizia.

Nchini Kenya, kampuni za kuhifadhi rekodi za mikopo, ndizo CRB, ziliwekewa kanuni mwaka wa 2008, na ya kwanza ikapata leseni 2010. Hiyo ndiyo inayojulikana sasa kama TransUnion. Baadaye zikaja Metropol na Creditinfo. Watu wengi hudhani CRB ni orodha ya wakosaji tu. Sivyo. Aliyelipa vizuri pia yumo, na benki husoma rekodi yake vilevile. Isitoshe, hakuna sheria inayokataza benki kumkopesha mtu aliye na doa. Uamuzi ni wa benki yenyewe, ingawa maafisa wengi huona ni rahisi zaidi kusema hapana.

Hatua ya kwanza ni kuiona rekodi yako kwa macho yako. Kila mteja ana haki ya kupata nakala moja bila malipo kila mwaka, na pia anaponyimwa mkopo kwa sababu ya yaliyoandikwa humo. Iombe kutoka kwa kila kampuni, kwa kuwa deni linaweza kuonekana kwa moja na lisionekane kwa nyingine. Ukiipata, tazama jina la mkopeshaji, kiasi, tarehe ya malipo ya mwisho na siku ambayo mkopo ulihesabiwa kuwa mbovu, yaani baada ya siku 90 bila kulipwa.

Hapo ndipo mambo ya ajabu hujitokeza. Kuna wanaokuta mkopo ambao hawakuuchukua kamwe, uliosajiliwa kwa nambari yao ya kitambulisho. Kuna waliolipa zamani lakini mkopeshaji hakutuma habari. Kuna pia vijideni vidogo vidogo: tangu Aprili 2020, mtu hapaswi kuorodheshwa kwa deni lililo chini ya Sh1,000, na waliokuwa wameorodheshwa kwa viasi hivyo walitakiwa kuondolewa. Ukikuta deni la Sh640 bado linakuharibia jina, lalamika.

Malalamishi hupelekwa kwa kampuni ya CRB kwa maandishi, pamoja na stakabadhi, taarifa ya benki au ujumbe wa M-Pesa unaothibitisha malipo. Kampuni hiyo humwuliza mkopeshaji, na iwapo suala halijatatuliwa kwa siku 21, habari inayobishaniwa inapaswa kuondolewa. Uliza pia kama ulipewa ilani ya siku 30 kabla ya kuorodheshwa, kwani mkopeshaji analazimika kuitoa.

Na kama deni ni lako kweli?

Kwanza kagua hesabu. Wengi hukata tamaa wanapoona mkopo mdogo umefura kama unga uliotiwa hamira. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007, kinaweka kikomo. Mkopo ukishakuwa mbovu, riba inayoongezwa haiwezi kupita kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku hiyo. Chukua mfano wa mkulima wa viazi aliyekopa benki Sh50,000, akalipa hadi zikabaki Sh30,000, kisha baridi kali ikamharibia shamba na mkopo ukawa mbovu. Hata miaka kumi ikipita, benki inaweza kumdai Sh30,000 hizo na riba isiyozidi Sh30,000 nyingine, pamoja na gharama za kufuatilia deni. Akiletewa hesabu ya Sh140,000, ana haki ya kudai maelezo ya kila shilingi, hasa hizo zinazoitwa gharama.

Pili, tazama umri wa deni. Sheria ya ukomo wa mashtaka humpa mdai miaka 6 kwenda kortini kwa deni la mkataba wa kawaida, na miaka 12 iwapo deni limewekewa dhamana ya shamba. Lakini kuna mtego ambao madalali wa kukusanya madeni wanaujua vizuri kuliko wadaiwa. Ukilipa sehemu ya deni, au ukitia sahihi barua ya kukiri kwamba unadaiwa, saa huanza kuhesabu upya. Hiyo ndiyo sababu mtu hupigiwa simu akiombwa “atume hata mia mbili tu aonyeshe nia njema”. Kwa deni kubwa na la miaka mingi, heri kuzungumza na wakili kabla ya kutuma hiyo mia mbili.

Hata hivyo, kumalizika kwa miaka ya mashtaka hakusafishi rekodi. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na kuyachanganya kumewagharimu wengi. Habari mbaya hukaa miaka 5 kuanzia siku deni lilipomalizwa kulipwa. Kwa hivyo anayekaa kimya akingoja lisahauliwe bado hajaanza hata kuhesabu. Kwa maoni yangu, kama deni ni dogo na unahitaji mkopo msimu huu au ujao, lipa. Rekodi itaonyesha limelipwa, na afisa wa mikopo hulitazama deni lililolipwa kwa jicho tofauti na lile lililo wazi.

Usilipe kabla ya kupatana. Mkopeshaji ambaye amesubiri miaka mingi mara nyingi yuko tayari kupunguza riba. Mnamo Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango ambapo benki zingepunguza angalau nusu ya madeni ya mikopo ya simu ya siku 30 au chini, yaliyokuwa mabovu kufikia mwisho wa Oktoba mwaka huo. Mpango huo ulifungwa mwisho wa Mei 2023 na haupo tena, lakini ulidhihirisha kwamba punguzo linawezekana.

Makubaliano yoyote yawe kwa barua ya mkopeshaji, yakitaja kiasi, tarehe na kwamba salio limefutwa. Pesa zipelekwe kwa akaunti ya mkopeshaji, wala si kwa simu ya dalali hata awe mpole kiasi gani. Kisha dai barua ya kumaliza deni na uhakikishe CRB zote zimepokea habari hiyo. Ndipo uombe cheti cha kuthibitisha kwamba huna deni. Cha mara ya kwanza ni bure.

Je, kama mkopeshaji hayupo tena? Benki ikifungwa, madeni yake hayafi nayo. Dubai Bank ilipofilisiwa 2015, shirika la kulinda amana, KDIC, ndilo lililopewa kazi ya ufilisi. Sehemu ya mali na madeni ya Chase Bank nayo ilichukuliwa na SBM mwaka wa 2018. Ulizia ni nani anayeshikilia mkopo wako sasa kabla ya kumlipa yeyote.

Wakopeshaji wa simu wana kanuni zao tangu Machi 2022. Hawaruhusiwi kukutukana, kukutisha, wala kuwapigia watu walio katika simu yako ili kukuaibisha. Dalali akimpigia shemeji yako au mteja wako wa maziwa, hifadhi ujumbe na nambari iliyotumika, kisha umshtaki kwa Benki Kuu. Kumshtaki hakufuti deni, lakini leseni yake hutegemea kufuata kanuni hizo, na hilo hubadilisha lugha ya mazungumzo upesi sana.