Umejipima saikosisi kwenye simu. Sasa je?

Siku hizi mgonjwa huingia chumba cha daktari simu ikiwa imeshawashwa. Salamu haijaisha, anakugeuzia kioo: alama 9, rangi nyekundu, na chini yake maneno "Huenda una saikosisi." Wengi ni wanafunzi wa chuo waliokesha wiki nzima, mitihani iko mlangoni. "Dokta, ndiyo naanza kuwa chizi?" Swali hilo lenyewe hunipunguzia wasiwasi, na sababu nitaieleza hapa chini.

Saikosisi ni hali ya akili kushindwa kutenganisha yaliyopo na yasiyopo. Mtu anasikia watu wakizungumza chumba kikiwa kitupu, au anashikilia jambo ambalo hakuna ushahidi utakaomtoa humo: kwamba jirani anamtilia sumu, kwamba mtangazaji wa redio anamsema yeye. Skizofrenia ni ugonjwa mmoja kati ya mengi yanayoleta hali hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 300 anaugua, yaani watu wapatao milioni 24 duniani. Huanza zaidi mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini, kwa wanaume mapema kuliko kwa wanawake.

Madodoso ya kitaalamu yapo. Mojawapo linalotumika sana, PQ-16, lilitungwa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2012. Lina maswali 16, na anayejibu ndiyo mara 6 au zaidi huitwa kwa mahojiano kamili. Huitwa kwa mahojiano tu, hapewi jina la ugonjwa. Tena lilikusudiwa watu ambao tayari wamekwenda kutafuta msaada wa afya ya akili, siyo mtu aliyejilaza kitandani saa nane za usiku akiperuzi. Ndani yake kuna swali la kusikia milio masikioni, la hofu kubwa unapokutana na mtu kwa mara ya kwanza, na la kupoteza hamu ya vitu ulivyovipenda. Sasa fikiria kijana aliyemeza kwinini, masikio yanamlia. Ana haya tangu utotoni. Na mwezi uliopita alifiwa na mama. Ameshafikisha alama 3 bila hata chembe ya saikosisi.

Hesabu pia inatupinga. Tuseme watu 1,000 wajipime, na watatu kati yao wawe wagonjwa kweli. Tuseme tena dodoso ni zuri mno: linawanasa wote watatu, na linamkosea mzima 1 tu kati ya 10. Watakaoonyeshwa rangi nyekundu ni kama 103, na 100 kati yao hawana ugonjwa huo.

Hata sauti, dalili ambayo watu huiogopa kuliko zote, haitoshi peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowahoji watu wazima zaidi ya 31,000 katika nchi 18, ulikuta asilimia 5.8 wamewahi kuona, kusikia au kuamini mambo ya aina hiyo angalau mara moja maishani. Karibu theluthi yao yaliwatokea mara moja tu, basi. Mjane husikia mumewe akikohoa barazani. Mtu anayepitiwa na usingizi husikia jina lake likiitwa. Jinamizi humkandamiza mtu kifuani akiwa macho nusu, na wengi huapa kwamba walimwona kiumbe amesimama pale mlangoni.

Ndiyo maana mgonjwa akiniambia anasikia sauti, ndipo maswali yanapoanza. Ulikuwa umelala au u macho kabisa? Ni sauti ya nani, na inatokea wapi? Inasema na wewe, au ni watu wawili wanaokujadili? Inakuamrisha kitu? Na ukishaisikia, unafanya nini? Hilo la mwisho nalipa uzito mkubwa. Anayejibu, "Nilidhani ni redio ya jirani, nikatoka nje kuangalia, sikuona kitu, nikashangaa," bado anajitilia shaka. Aliyekwisha kuhama chumba, akaziba madirisha kwa matambara na kuacha kula chakula cha nyumbani, alama zake za simu sina haja nazo.

Lakini huyo wa pili hajipimi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika nchi tisa, Nigeria ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 1973, ulikuta asilimia 97 ya wagonjwa wa skizofrenia waliozidiwa hawajitambui kuwa wagonjwa. Muulize kama anahisi watu wanamfuatilia bila sababu, atakujibu hapana. Kwake yeye sababu ipo.

Kwa hiyo dodoso la kujijaza lina faida katika kipindi kifupi tu, kile cha mwanzo, mtu akiwa bado anashangaa yanayomtokea. Kipindi hicho kikipita, mpimaji mzuri ni anayeishi naye. Mama ataona kijana aliyekuwa msafi sasa haogi, usiku anatembea uani, mchana amejifungia. Anacheka peke yake, na anajibu maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Shuleni anaporomoka muhula hadi muhula. Siku moja ya kununa haisemi kitu. Mabadiliko ya wiki na miezi yanasema.

Msibishane naye kuhusu jirani mwenye sumu, wala msimwitikie. Shikeni analolikubali mwenyewe. Wengi wanaoruka kimanga wakitajiwa ugonjwa wa akili hukubali upesi kwamba hawalali, na kwa kukosa usingizi atakubali kwenda zahanati au hospitali ya wilaya. Kama mna sheikh au mchungaji wa kumwombea, aombe. Kamba na minyororo sitaki kuvisikia.

Hospitalini nako hatukimbilii kutamka skizofrenia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dalili ziwe zimedumu mwezi mmoja au zaidi. Kwanza tunatafuta mengine: malaria iliyopanda kichwani, kifafa, VVU, bangi, na pombe kali iliyokatishwa ghafla, maana mlevi wa siku nyingi akiacha kwa mkupuo anaweza kuona wadudu ukutani siku ya pili au ya tatu. Ikibainika kuwa ni skizofrenia, dawa zipo, na angalau mmoja kati ya watatu hupona kabisa. Dawa za zamani kama haloperidol zinaweza kukaza shingo au kupinda ulimi siku za mwanzo. Inatisha, lakini inatibika, kwa hiyo rudini siku hiyohiyo.

Yako mambo yasiyongoja miadi: sauti inayoamrisha kujidhuru au kumdhuru mtu, homa pamoja na kuchanganyikiwa, na mzazi anayebadilika ghafla katika wiki za kwanza baada ya kujifungua. Hao waletwe usiku huohuo.

Wengine mje na karatasi badala ya alama. Andikeni lini mlianza kuona tofauti, analala saa ngapi, amekula nini, anavuta nini, nani mwingine katika ukoo aliwahi kuugua hivi. Dawa zote alizomeza, na mitishamba pia, zitieni kwenye mfuko mje nazo.