Nguo Hufuliwaje Melini Katikati ya Bahari?

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili hapa Nangara, mjini Babati, alisoma habari za meli kubwa za watalii ambazo hutia nanga Zanzibar na Mombasa, kisha akamwuliza mwalimu wake: watu elfu tatu wakikaa baharini majuma mawili, nguo zao hufuliwa wapi, na kwa maji gani? Darasa zima lilicheka. Swali lilionekana kuwa la mtu ambaye hajapata kuiona bahari, kwani bahari si maji? Lakini ndani ya swali lile limejificha somo zima la kemia, na somo hilo lamhusu pia kila aliyepata kushangaa kwa nini kipande cha sabuni chakwisha upesi kwa maji ya kisima hiki, na chadumu kwa maji ya mvua.

Tuanze na bahari yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi za chumvi za namna mbalimbali. Sehemu kubwa ni chumvi ile ile tunayotia katika mboga. Lakini humo mna pia kalsiamu, kiasi cha miligramu 400 hivi, na magnesiamu, kiasi cha miligramu 1,300 hivi. Hizo mbili ndizo adui wa sabuni.

Sabuni ya kipande ni chumvi ya sodiamu ya asidi za mafuta. Kila molekuli yake ina mkia mrefu wa kaboni, unaopatana na mafuta na kuyakimbia maji, na kichwa kinachopatana na maji. Nguo yenye jasho na mafuta ikitiwa katika maji ya sabuni, mikia hujichoma ndani ya matone ya mafuta, vichwa hubaki nje, na tone zima huchukuliwa na maji. Sasa kila ioni ya kalsiamu au ya magnesiamu ina chaji mbili. Ioni hiyo hukamata molekuli mbili za sabuni kwa mara moja na kuzigeuza kuwa kitu cheupe kisichoyeyuka, ule ukoko uonekanao pembeni mwa beseni na katika mikunjo ya mashati meusi. Sabuni iliyokamatwa hivyo haifui tena. Povu halitokei mpaka ioni zote hizo zimeshiba.

Walimu wa kidato cha tatu na cha nne waweza kuigeuza habari hii kuwa zoezi. Miligramu 400 za kalsiamu zikigawanywa kwa 40 ni milimoli 10. Miligramu 1,300 za magnesiamu zikigawanywa kwa 24 ni milimoli 54. Jumla ni 64, na kwa kuwa kila ioni hula molekuli mbili za sabuni, twapata milimoli 128. Tukichukua sabuni ambayo moli yake moja ina uzito wa gramu 306, lita moja ya maji ya bahari itakula gramu 39 za sabuni bila faida yoyote. Ndoo ya lita 20 itakula zaidi ya robo tatu ya kilo kabla shati la kwanza halijapata povu! Hesabu hii ni ya karatasi, kwa kuwa sabuni ya magnesiamu huyeyuka kidogo majini. Hata hivyo yatosha kuonyesha kwa nini msafiri hawezi kuteremsha ndoo baharini na kuanza kufua.

Hata tungeziondoa kalsiamu na magnesiamu, bado ile chumvi ya kawaida ingeleta matata. Mpika sabuni humimina chumvi katika pipa lake ili sabuni ijitenge na maji na kuelea juu. Anayefua kwa maji ya bahari hufanya jambo lilo hilo bila kukusudia: huifukuza sabuni kutoka majini. Hapa watu wa pwani wana bahati, kwa sababu mafuta ya nazi hutoa sabuni iliyo tofauti. Asidi iliyo nyingi zaidi katika mafuta hayo ina kaboni 12 tu, ambapo zile za shahamu ya ng'ombe zina 16 au 18. Mkia mfupi huyeyuka kwa urahisi zaidi na haufukuzwi upesi na chumvi. Ndiyo maana sabuni iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya mabaharia ilipikwa kwa mafuta ya nazi, na hutoa povu, ingawa kwa uchache, hata katika maji ya bahari.

Lakini povu si mwisho wa kazi. Nguo iliyosuuzwa kwa maji ya bahari haikauki ikakaukia. Chumvi za magnesiamu zinazobaki katika nyuzi huvuta unyevu wa hewa, na shati lililokuwa kavu saa sita mchana huwa limelowa tena jioni, linanata mwilini na kuwasha ngozi. Hata mabaharia wa majahazi waliofua kwa maji ya bahari hawakuwa na budi kungoja mvua, au kutoa katika akiba ya maji ya kunywa, ili wasuuze. Jambo hili halikuisumbua sana meli kama Liemba, iliyoanza kazi kwa jina hilo katika Ziwa Tanganyika mwaka 1927, kwani hiyo huelea juu ya maji yanyweyekayo.

Meli inayojitengenezea maji

Meli kubwa ya abiria huhitaji mamia ya tani za maji yasiyo na chumvi kila siku. Haiwezi kuyabeba yote kutoka bandarini. Kwa hiyo huyatengeneza, na njia ya kwanza ya kuyatengeneza inaeleweka vizuri zaidi hapa Babati kuliko Dar es Salaam.

Kila mwanafunzi amefundishwa kwamba maji huchemka katika digrii 100 za Sentigredi. Mwanafunzi wa Nangara akitumbukiza kipimajoto katika sufuria inayotokota ataona takriban digrii 95 au 96, naye aweza kudhani kwamba kipimajoto cha shule ni kibovu. Si kibovu. Babati iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,300 na zaidi. Hewa iliyo juu yetu ni chache, mgandamizo wake ni mdogo, na maji huponyoka kuwa mvuke mapema zaidi. Mhandisi wa meli hulitumia jambo hili hili, isipokuwa yeye hulifikisha mbali sana. Katika chombo cha chuma kilichofungwa, pampu hunyonya hewa mpaka mgandamizo unabaki kama sehemu moja ya kumi ya ule wa kawaida. Humo maji ya bahari huchemka katika digrii 46 tu! Hakuna haja ya kuchoma mafuta zaidi: maji ya kupozea injini, ambayo yangemwagwa na joto lake, yatosha kabisa kuyachemsha. Mvuke huinuka, chumvi hubaki chini, mvuke hupozwa ukawa maji safi.

Njia ya pili ni kuyasukuma maji ya bahari kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, vinavyopitisha maji na kuzuia chumvi. Kwa tabia yake maji safi hupenda kwenda upande wenye chumvi, kwa mgandamizo upatao angahewa 25 na zaidi. Ili kuyarudisha kinyume, pampu lazima zishinde nguvu hiyo, nazo husukuma kwa angahewa 55 hadi 70. Pia baadhi ya meli hukusanya matone yanayodondoka kutoka katika mitambo ya kupoza hewa vyumbani, na maji hayo hupelekwa moja kwa moja kwa dobi. Ni maji mazuri sana kwa kufulia, kwa kuwa ni mvuke wa hewa uliogeuka maji na hayajapata kugusa jiwe.

Neno hili dobi lilitujia kutoka Bara Hindi, na mabaharia wa Kiingereza nao walilichukua kutoka huko huko. Siku hizi dobi wa melini hufanya kazi chini kabisa, karibu na injini, asikoonekana na abiria. Abiria hukuta mfuko chumbani, hutia nguo, hujaza karatasi ya hesabu ya mashati na suruali, na baada ya siku moja au mbili hurudishiwa zikiwa zimekunjwa, na bei hukatwa katika hesabu yake. Nguo za abiria hata hivyo ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni mashuka, taulo na vitambaa vya meza vya maelfu ya watu. Abiria mwenye kutaka kupunguza gharama hufua soksi zake katika beseni la chumbani. Jambo hilo haliwaudhi wenye meli. Linalowaudhi ni pasi.

Katika meli nyingi abiria hakubaliwi kuwasha pasi yake chumbani, na sababu ni moto. Katikati ya bahari hakuna pa kukimbilia. Lakini dobini kuna moto mwingine wa ajabu zaidi, usiohitaji pasi wala kiberiti. Taulo zilizopanguzia mafuta ya kupikia au ya kuchulia mwili hazitakati zote kwa kufuliwa mara moja. Mafuta ya mimea yanayobaki huungana polepole na oksijeni ya hewa, na muungano huo hutoa joto. Taulo moja iliyoanikwa hupoteza joto hilo hewani. Rundo la taulo zilizotoka katika mashine ya kukaushia zingali moto, zikarundikwa palepale, halipotezi. Joto huongeza kasi ya muungano, muungano huongeza joto, mpaka katikati ya rundo huanza kufuka. Ndiyo sababu taulo hupozwa kabla ya kukunjwa, na manyoya ya pamba yanayonaswa katika vichujio vya mashine huondolewa mara kwa mara. Walimu wa ufundi seremala wataitambua hatari hii, kwani matambara yenye mafuta ya kitani hufanya vivyo hivyo katika karakana.

Turudi Nangara

Maji yetu hayana chumvi ya bahari, lakini yamepita katika udongo na mawe, nayo huchukua yanayoyakuta. Visima havifanani. Tuseme kisima kimoja kina ugumu wa miligramu 300 za kalsiamu kaboneti kwa lita. Kwa hesabu ile ile ya juu, kila lita itakula karibu gramu 1.8 za sabuni, na ndoo ya lita 20 itakula gramu 37 hivi. Familia inayofua ndoo tano kwa juma hupoteza gramu 180 na zaidi kila juma, nazo ni fedha zilizogeuka ukoko. Sabuni ya unga haikamatwi kwa kiasi hicho, maana molekuli zake hazifanyi ukoko na kalsiamu kama sabuni ya kipande.

Ikiwa ugumu umeletwa na bikaboneti, kuchemsha huuondoa: kalsiamu hutua chini ya birika kama gamba jeupe. Lakini kuni nazo zina bei yake. Magadi ni njia nyepesi zaidi, nayo huondoa hata ugumu usioondolewa na moto. Kaboneti iliyomo katika magadi huishika kalsiamu na kuituliza chini kabla haijaifikia sabuni. Tia kidogo, koroga, acha maji yatulie mpaka yang'ae, kisha mimina yale ya juu tu.

Darasa laweza kujaribu kwa chupa nne zinazolingana. Chupa ya kwanza itiwe maji ya mvua, ya pili maji ya kisima, ya tatu maji ya kisima yaliyotulizwa kwa magadi, na ya nne maji ya mvua yaliyotiwa gramu 35 za chumvi kwa lita. Vipimo viwe sawa. Yeyusha sabuni ya kipande katika maji ya mvua, kisha dondosha tone moja moja, ukitikisa chupa kila mara, na kuhesabu matone mpaka povu lidumu dakika nzima. Rudia kwa sabuni ya mafuta ya nazi ikiwa inapatikana, hasa katika chupa ya nne.

Hapa lazima nitoe tahadhari. Mwanafunzi asidhani kwamba maji yenye povu rahisi ndiyo maji mema ya kunywa. Katika mikoa yetu ya kaskazini maji mengi yenye floridi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia na kuharibu mifupa, yana kalsiamu kidogo. Sabuni hutoa povu humo bila shida yoyote. Floridi hupimwa kwa njia nyingine, wala haiondoki kwa kuchemsha.

Mwanafunzi wetu alikuwa na swali la pili: maji machafu ya melini huenda wapi? Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari utokanao na meli, wa mwaka 1973 pamoja na itifaki yake ya mwaka 1978, una kanuni za maji ya choo, lakini kanuni hizo haziyagusi maji ya kufulia. Baadhi ya nchi zimejiwekea sheria zao, na meli nyingine huyasafisha au huyashikilia mpaka ziwe mbali na pwani. Bahari ni kubwa. Ziwa Babati ni dogo, lina samaki na viboko, na fosfeti ya sabuni fulani za unga ikiingia humo hulisha mwani, ambao ukifa na kuoza hula oksijeni ya samaki. Kwa hiyo nguo zifuliwe mbali na ufuko na maji yamwagwe juu ya udongo. Yale yaliyotiwa magadi yasimwagwe kila siku chini ya mgomba ule ule, maana sodiamu ikijikusanya hapo udongo hugandamana, na mvua ikinyesha maji hayapenyi.